Kifaransa cha Nyuma ya Pazia

Ukitaka kumjua Bi Mwalimu, anza na pazia lake, maana sote tulianzia hapo. Lilikuwa pazia zito la kijani, limeikata sebule yake katikati kutoka ukuta hadi ukuta, katika mitaa ya ndani ya Malindi ambako nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Upande wa huku walikaa wanafunzi wake juu ya mkeka, wanaume watu wazima, kumi au kumi na wawili, wenye ndevu na wake zao nyumbani. Upande wa kule alikaa yeye na kitabu chake, birika la chai, na ufito mrefu wa mkoko. Kifaransa kilipita juu ya pazia. Ufito ulipita chini, ukatafuta vidole vya mguu vya aliyekosea, na ukavipata kila mara, maana alimjua kila mtu kwa sauti na kwa mahali anapokaa.

Ndiyo, Kifaransa. Malindi ya miaka ile ya themanini kila mtu alikuwa na Mtaliani wake. Watoto waliouza makombe ya bahari walihesabu kwa Kitaliano bila kufundishwa na mtu, na Kijerumani nacho kiliokotwa ufukweni. Lakini Wafaransa walipoanza kuja kwa makundi, wakajaa Watamu na Bofa ya Kilifi, walikataa katakata kusema lugha ya mtu mwingine. Ukiwasalimu kwa Kiingereza wanakutazama kama umewapa chai ya jana. Mahoteli yakahaha kutafuta watu wa kusema nao, na hapo ndipo mji ulipokumbuka kwamba kuna mjane mmoja, hatoki wala haonekani, ambaye husikika akijisemea Kifaransa jikoni samaki wake wakiungua.

Alikitoa wapi? Usiniulize mimi. Nilimuuliza mara tatu nikapata majibu matatu. Mara ya kwanza alisema alifundishwa na masista alipokuwa mdogo Bukini, yaani Madagaska. Mara ya pili alisema marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meli, akirudi na neno moja kila safari, naye akiyaweka kama mtu anavyoweka vikombe vya wageni. Mara ya tatu alisema, "Kwani wewe Kiswahili ulikitoa wapi?" na ufito ukasogea. Nikaacha kuuliza.

Mimi nilikuwa mdomo wake. Nikisema hivi watu wa siku hizi hucheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na ndilo lililokuwa jina langu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani kwetu mlango wa pili kutoka kwake, nikichambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa. Nilikuwa na hamu moja tu duniani: kazi ya mapokezi katika hoteli. Si jikoni, si kwenye baa, maana baba yangu angenikata miguu. Mapokezi, nyuma ya meza ndefu, na funguo zimening'inia nyuma yangu, na kalamu. Baba alisema akiona barua ya kazi ya mapokezi yenye muhuri ataniruhusu, na kama hakuna barua basi na tusisumbuane.

Na Bi Mwalimu alikuwa na shida yake. Wafaransa wana sauti moja wanaiandika kwa herufi u, lakini si u yetu hii. Lazima ubinue midomo kama unapuliza makaa, halafu ndani ya midomo hiyo useme i. Sasa mtu aliye nyuma ya pazia atawaonyeshaje watu kumi na wawili alivyobinua midomo? Wiki nzima walijaribu kwa kusikiliza tu, na sebule ikawa kama banda la mbuzi wenye kiu. Siku ya Alhamisi akaja kwa mama kupitia uani.

"Niazime binti yako," akasema.

"Akusaidie nini?"

"Nauhitaji mdomo wake. Huo mwili mwingine ukae nao ukitaka."

Mama yangu aliihadithia habari hii kwenye kila arusi aliyokwenda mpaka ikachakaa. Baba naye akatoa sharti, kwamba wanaume wale wasinione uso. Bi Mwalimu akasema hilo dogo, akachukua shela yake nyeusi akanifunga kinyumenyume. Wanawake wote wa mji huu hufunika mdomo wakaacha macho. Mimi nilifunikwa macho nikaachwa mdomo. Nikakalishwa kwenye kigoda pale pazia linapokutana na ukuta, bega moja kwake, bega moja kwa wanafunzi. Nikigeuka kwake nainua shela nione alivyofanya midomo, nikigeuka kwa wanaume nateremsha shela na kufanya vilevile. Juu, chini, juu, chini, kuanzia baada ya sala ya alasiri hadi jua linapungua. Nilirudi nyumbani na shingo imekaza na mdomo unauma, na nikawa na furaha isiyo kifani.

Balaa lilikuwa nje. Wale wanaume walikuwa hawanijui macho, hawanijui pua, wananijua mdomo tu. Siku moja nilikuwa sokoni nimejifunika vizuri kama mtu wa heshima, nikashusha ukaya kidogo nionje embe, mara nikasikia mtu nyuma ya mapipa ya samaki anasema kwa sauti ya kustaajabu, "Huo mdomo naujua." Alikuwa ni Karisa, kijana wa Gede, mchukuzi wa mizigo katika hoteli moja ya Bofa, mwanafunzi mwenye vidole vilivyopigwa kuliko vyote. Wauza samaki wote waligeuka. Nilikwenda nyumbani mbio na embe sikulilipia, ikabidi mama arudi kulilipia na kueleza.

Alivyofundisha, alifundisha kama chuo cha Kurani. Hakujua njia nyingine na wala hakutaka kuijua. Kwanza wote kwa pamoja, kwa sauti ya kuvuta, mabega yakienda mbele na nyuma: je suis, tu es, il est. Halafu mmoja mmoja. Halafu tena wote. Kitenzi cha kuwa siku arubaini, kitenzi cha kuwa na siku arubaini nyingine, na asiyevijua hivyo viwili hakuonyeshwa cha tatu. "Mtu anayejua kusema mimi ni nani na nina nini," alikuwa akisema, "hawezi kupotea Paris wala Mambrui." Mtaa mzima ulishika. Wanawake walitwanga kwa je suis. Mtoto wa jirani yetu, hajui hata kuvaa suruali, alikuwa akibembelezwa kwa nous avons, vous avez, na kama mama yake akikatia njiani analia mpaka amalizie ils ont.

Mwanafunzi akimaliza kitabu alihitimishwa. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, jalada lake limeshonwa kwa gunia la sukari, na aliyefika ukurasa wa mwisho alisomeshwa mbele ya wenzake, akavishwa leso mpya mabegani, akapewa sinia la halua, akazungushwa mtaa mzima wakimwimbia. Wazee wengine barazani walinung'unika. Mmoja alisema ni kufuru kumhitimisha mtu kwa kitabu kinachozungumzia paka wa shangazi. Bi Mwalimu akamtumia sahani ya halua, na siku ya pili yake mzee yule akasikika akisema kwamba, kwa kweli, elimu ni elimu.

Maelezo yake ya sarufi hayakuwa kwenye kitabu. Kitabu kilisema tu hili jina la kiume, hili la kike, litie kichwani. Bi Mwalimu aliona hiyo ni dharau kwa wanafunzi wake, akatafuta sababu. Meza ni ya kike kwa sababu inabeba chakula cha watu wote na hailalamiki. Kiti ni cha kike kwa sababu kinakaliwa tu na hakiulizwi. Mashua ni ya kiume kwa sababu inaondoka inapotaka na haisemi itarudi lini. Wanaume wale wakawa wanacheka na kushika, wanacheka na kushika, mpaka siku Karisa alipoinua mkono, ingawa Bi Mwalimu nyuma ya pazia asingeuona.

"Bi Mwalimu, na masharubu?"

Nilimwona anafungua kitabu haraka haraka. La moustache, ya kike.

"Ya kike," akasema.

"Kwa nini?"

Karatasi zikapekuliwa tena. "Na ndevu vilevile ni za kike," akaongeza, kama mtu aliyeamua kwamba akizama basi azame kabisa.

"Lakini kwa nini, Bi Mwalimu? Mimi ninazo, mke wangu hana."

"Karisa, wewe husema kiti hiki na mti huu. Siku gani ulimwendea mtu ukamuuliza kwa nini si kiti huu?"

Karisa akafikiri kweli kweli. "Sijawahi."

"Basi na Wafaransa waachie yao." Na ufito ukapita, polepole, ukamgusa kidole gumba tu, kwa mapenzi.

Kukataa kwao alikueleza hivi: Mfaransa akikataa jambo anafunga mlango wa mbele kwa ne na wa nyuma kwa pas, na kitu anachokataa kinabaki katikati hakina pa kutokea. Na ile tofauti ya tu na vous, wewe wa kawaida na wewe wa heshima, ambayo nimesikia baadaye walimu wa vyuo wakiitolea jasho, yeye aliimaliza kwa dakika moja. Mtu ambaye ungempa shikamoo, mpe vous. Tena hotelini kila mgeni ni wa shikamoo, hata mtoto mchanga wa kunyonya. Karisa, ambaye hakutaka kukosea kwa upande wa adabu, alimpa vous hata mbwa wa meneja.

Sasa hapa pana jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mwanamke huyu aliyependa Kifaransa kuliko chakula alikuwa anawaogopa Wafaransa. Usitaje Mfaransa mzima mbele yake. Wa kwenye kitabu sawa, na paka wa shangazi yao sawa. Lakini siku moja alasiri mtu na mkewe, watalii waliopotea vichochoroni, walisikia nyumba inaunguruma nous sommes, vous êtes, ils sont. Fikiria wewe ni Mfaransa, uko Malindi, jua linakuchoma, na ukuta unakusomea sarufi. Walibisha hodi, na mlango ulikuwa umerudishwa tu.

Niliinua shela nikamtazama. Alikuwa ameshika birika kifuani na amekauka. Akanifanyia ishara kwa kidole: nyamaza. Nikageuka nikaweka kidole mdomoni, na wanaume kumi na wawili wakanyamaza. Hodi ikaja tena, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kifaransa safi, chepesi, cha haraka, kama kuna mtu nyumbani. Ndipo Karisa, ambaye hawezi kuona mgeni amesimama mlangoni, alipoinuka, akafungua mlango nusu, akainama kidogo kwa heshima na kusema pole pole na kwa ufasaha mkubwa:

"Nous ne sommes pas ici."

Hatupo hapa. Wale wazungu wakamtazama, wakatazama mkeka uliojaa watu nyuma yake, wakasema merci, wakaenda zao. Tulicheka mpaka watu wakajilaza mkekani. Nyuma ya pazia Bi Mwalimu naye alicheka, leso mdomoni, machozi yanamtoka, na alipoweza kusema alisema sentensi ile haikuwa na kosa hata moja, Karisa asipigwe wiki nzima. Lakini chai aliimimina nje ya kikombe, na mimi peke yangu niliona.

Siku ile nilimuuliza, "Bibi, unaogopa nini?" Akasema, "Mwanangu, mimi Kifaransa changu ni cha humu ndani. Nikikitoa nje, nikaambiwa si chenyewe, nitabaki na nini?" Halafu akanituma dukani kununua sukari ambayo ilikuwepo.

Na kwa kweli hakikuwa chenyewe kabisa, ingawa sisi hatukujua. Bi Mwalimu alikuwa na pengo la jino la mbele, juu. Kila palipokuwa na s, upepo ulipita pale ukatoa mbinja, nyembamba na tamu. Mimi nikainakili, maana nilijua ndiyo Kifaransa. Nikaubana ulimi mpaka ikatoka vizuri kuliko yake. Wanaume wakainakili kutoka kwangu, na kwao ilikuwa kazi, maana wengi wao walikuwa na meno yote. Wakahitimu, wakatawanyika kwenye mahoteli, na kutoka Mambrui hadi Bofa Wafaransa wakawa wanaletewa supu kwa mbinja, wanaagwa kwa mbinja, wanaambiwa maji ya moto hakuna kwa mbinja. Nimesikia mgeni mmoja alimuuliza Karisa kama wote walifundishwa na ndege mmoja. Karisa akajibu kwamba hapana, walifundishwa na mdomo.

Mwaka ukapita, na wa pili. Wanafunzi waliingia wakahitimu wakapata kazi, wakarudi na mashati yenye nembo kumletea Bi Mwalimu biskuti za hotelini. Mimi nilikuwa bado kwenye kigoda. Kila nilipomwambia, "Bibi, na mimi nihitimishwe," alinipima kwa macho yake yale makubwa na kusema, "Hujawa tayari."

"Karisa amehitimu."

"Karisa ni mchukuzi. Mzigo hausikii. Wewe utakaa mapokezi, utasikilizwa na watu. Hujawa tayari."

Nilimwamini, na hilo linaniuma hata leo nikilikumbuka. Alikuwa akinipenda, hilo nalo halina shaka. Nikiumwa alinikorogea uji wa pilipili manga na kunilisha mwenyewe. Alinitolea vipuli vya dhahabu vya masikio yake nivae arusi ya dada yangu. Alinifundisha vitu ambavyo hakuwafundisha wanaume, jinsi ya kuandika barua, jinsi ya kuomba radhi, jinsi ya kumwambia mtu mwenye cheo kwamba amekosea na akakushukuru. Lakini kila nikitaja hoteli, kitabu kinafungwa na chai inapoa. Usiku nikilala najiuliza ni kitu gani ambacho sijakijua, na baba akinipita uani anauliza, "Hiyo barua yenye muhuri imekwama posta?"

Mwaka wa nne nikachoka. Karisa alinipenyezea kwamba mwanamke wa Kifaransa anayeleta makundi ya wageni anakuja Bofa kuchagua mtu wa mapokezi, Jumatano. Nikamwambia Bi Mwalimu nakwenda Mambrui kwenye ukumbi wa arusi. Ni uongo pekee niliowahi kumwambia. Nikashuka Kilifi na viatu vya dada yangu, vimenizidi, nimetia pamba mbele.

Yule mwanamke alikuwa na nywele fupi na sigara. Akaniambia niketi, nieleze mimi ni nani. Nilikuwa sijawahi kusema Kifaransa huku namwona mgeni anayenisikiliza. Miaka yote hiyo nikigeukia watu, macho yamefunikwa. Ndipo nikafanya jambo la aibu, nikafumba macho. Nikaanza: je suis. Nikaendelea na yote niliyokuwa nayo, nikaomba radhi mahali pa kuomba radhi, nikamweleza mgeni wa kubuni kwamba amekosea chumba, naye akanishukuru. Nilipofumbua macho, mama yule alikuwa ameiacha sigara iungue yenyewe.

"Hiyo mbinja umeitoa wapi?" akauliza.

"Mbinja gani, bibi?"

Akaniigiza. Nikamwambia hiyo si mbinja, hiyo ni s. Akasema kwao hakuna s ya namna hiyo. Nikafikiri moyoni, maskini, atakuwa ametoka shamba huko kwao, lakini nikamjibu kwa adabu kwamba huenda inategemea na mtaa. Alicheka akaegemea meza, akafuta macho, akanipa kazi pale pale. Barua yenye muhuri niliipata siku hiyo hiyo, na nilitembea nayo imekunjwa ndani ya kiganja mpaka ikalowa jasho.

Bi Mwalimu alisikia kabla sijafika nyumbani. Nilikwenda kumpa mkono, nikaukuta mlango umefungwa kwa komeo. Nilibisha. Nilijua yuko ndani kwa sababu niliusikia ufito ukiwekwa chini. Nikamtumia salamu kwa mama, hazikujibiwa. Mwaka mzima na nusu nilikaa chumba cha wafanyakazi Bofa, nikirudi Malindi mwisho wa mwezi, napita mlangoni kwake nasema shikamoo kwa sauti na mlango unanyamaza. Mama aliniambia amejaribu kutundika kioo wanafunzi waone mdomo wake, kikawa kinaonyesha kila kitu isipokuwa mdomo. Akachora midomo ukutani kwa makaa, ya u, ya o, ya i, na watoto wakaja kuitia masharubu. Wanafunzi wakapungua. Msimu uliofuata pazia likafuliwa, likakunjwa, na hakuna aliyesikia tena je suis mtaani.

Nililia kwa jambo hilo, nasema kweli. Nilikuwa na meza yangu ndefu na funguo zangu, na nililia chooni hotelini, kisha nikanawa nikatoka kuwapa watu vyumba.

Halafu ikaja siku moja, saa sita mchana, ukumbi umejaa wageni waliowasili na masanduku yao. Akaingia mwanamke mwenye buibui, amefunika uso, anatembea kwa kushika ukuta kama mtu ambaye hajazoea sakafu inayoteleza. Hapana mtu aliyemjua, maana hapana mtu aliyewahi kumwona. Mimi niliyajua macho. Akajipanga kwenye foleni nyuma ya mzee mmoja wa Kifaransa mwenye kofia, akangoja zamu yake. Alipofika mezani, Karisa, aliyekuwa ubavuni pangu na sanduku kila mkono, alimsikia akifungua kinywa, na miguu yake ikarudi nyuma yenyewe.

"Bonjour, madame," akasema Bi Mwalimu, akinitazama. "Je suis une vieille femme. J'ai une lettre. La lettre est à vous."

Mimi ni mwanamke mzee. Nina barua. Barua ni yako. Miaka minne nyumbani kwake sikupata vous hata siku moja. Akatoa bahasha kifuani akaiweka juu ya meza. Ilikuwa na nembo ya hoteli ile ile niliyosimama ndani yake, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka wangu wa pili kwenye kigoda. Meneja alikuwa ameandika kwamba amesikia habari za binti anayekaa penye pazia, nafasi ya mapokezi iko wazi, aje aanze mwezi ujao. Muhuri ulikuwepo, mwekundu, mzuri.

Karisa aliinyoosha shingo akasoma. "Hiyo niliipeleka mimi," akasema taratibu. "Nikaambiwa umekataa. Mimi miaka yote nakuona una maringo."

Nilimtazama Bi Mwalimu.

"Bibi, ni kweli?"

"Oui."

"Miaka miwili, bibi. Baba yangu aliniambia mimi sifai kitu, miaka miwili."

"Oui," akasema, ndiyo ya pili. Halafu kwa Kiswahili, chini kabisa, "Ningebaki na mdomo wa nani?"

Yule mzee wa Kifaransa alikuwa bado pembeni na ufunguo wake mkononi. Akavua kofia, akamwambia Bi Mwalimu kwamba anasema vizuri sana, na je, alijifunza wapi? Nikadhani atakimbia. Bi Mwalimu akamgeukia, kimo chake chote, akamjibu kwa sauti ya darasani, kwa mbinja isiyokatika, kwamba amejifunza nyumbani. Mzee akainama na kwenda zake. Bi Mwalimu akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akawa anapumua tu.

Nikamwambia aketi pale kwenye kochi mpaka zamu yangu iishe, saa nane, maana sijamaliza naye. Akaketi, mkoba mapajani. Karisa akampelekea sharubati na hakumkaribia sana.

Saa nane tukapanda gari la hoteli lililokuwa linakwenda Malindi kuchukua samaki, mimi na yeye kiti cha nyuma. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Kwa Kiswahili ulimi ulikataa kabisa. Mtu ambaye kila siku unampa shikamoo, unamwambiaje kwamba amekuibia? Neno linafika kwenye meno linarudi. Nikafahamu kwa nini na yeye hakuweza kulisema kwa Kiswahili. Basi nikamgombeza kwa Kifaransa. Nilimwambia yote, ya baba, ya mchele, ya komeo mlangoni, ya chooni hotelini. Nililia na kupayuka tangu Kilifi, tukapita Gede, mpaka majumba ya Malindi yakaonekana. Kwa hasira ile nilivuruga kila kitu, vya kiume nikavifanya vya kike, vitenzi nikavivunja miguu, nikampa ile tu ya kawaida palipotakiwa vous ya shikamoo. Alinishika mkono akanisikiliza, na hakunisahihisha hata mara moja.